"By" mbele ya tarehe: mwisho wa kulipa, mwisho wa kula

Habari zenu wapendwa, Dar, Mombasa, Goma na popote mnaponitazama. Leo tushughulike na neno la herufi mbili: "by", likikaa mbele ya tarehe au saa. Mnaojiandaa kuja Uingereza, sikilizeni vizuri, maana huku limejaa kwenye barua.

Ukiona "pay by 31 January", mwisho wa kulipa ni tarehe 31, na siku yenyewe imo. Wangeandika "before 31 January", ungetakiwa uwe umelipa tarehe 30. Ritani ya kodi ya mapato unayojaza mwenyewe mtandaoni mwisho wake ndiyo hiyo Januari 31, saa sita usiku. Ukichelewa hata siku moja, kwa kawaida faini ni pauni 100, hata kama hudaiwi kodi yoyote.

Kinachotuponza ni "mpaka" yetu, inabeba mizigo miwili. Waingereza wameigawa. "I'll be there by five": ikigonga saa kumi na moja nitakuwa nimeshafika. "I'll be there until five": nitakuwepo muda wote, saa kumi na moja naondoka. Kwa hiyo usimwandikie bosi "I will finish the report until Friday". Sema "by Friday". Kabla hujaandika, jipime: ukiweza kusema "mwisho Ijumaa", tumia "by", ukiweza kusema "muda wote hadi Ijumaa", tumia "until". Angalia tu "You have until Friday to pay". Hapo umepewa muda, ndiyo maana ni "until", ingawa siku ya mwisho ni ileile.

Sasa jikoni, na hapa ni afya yako. "Use by" kwenye kuku au samaki ni usalama: tarehe ikipita usile, hata kama hanuki, kwa sababu bakteria wengi wanaowafanya watu waugue hawaonekani wala hawana harufu. "Best before" kwenye biskuti, mchele au tambi ni ubora tu: ikipita, ladha inaweza kupungua, lakini si sumu, usikimbilie kutupa. Kuku wa "use by" ya leo bado unaweza kumgandisha kwenye friza leo hii, kabla ya saa sita usiku. Siku ukimyeyusha, myeyushie ndani ya friji, umpike ndani ya saa 24.