Barua Pepe Isiyopita Mnarani

Wazee wangu shikamooni. Vijana, hamjambo.

Madereva mliokuja leo mnaijua njia ya Natron. Ukiiacha Mto wa Mbu ukashika vumbi la Engare Sero, kuna vipande ambavyo simu haishiki hata chembe. Springi ilinikatikia huko jioni moja, mke wangu yuko hapa Arusha ananisubiri. Nilimwandikia maneno yasiyozidi ishirini: nimekwama, mzima, maji ninayo, nakuja kesho. Akayasoma kwenye simu yake kabla ya kulala. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Barua ile ilipita kwenye redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaorusha kwa kupenda tu, bila malipo, kwa mfumo wa barua pepe uitwao Winlink. Unaandika kwenye kompyuta kama kawaida. Programu inayageuza maandishi kuwa milio, redio inairusha kwa mawimbi mafupi. Mawimbi yanapanda kilomita 300 hivi, yanakuta tabaka la hewa lililochajiwa na jua, yanarudishwa chini mbali kabisa: Afrika Kusini, pengine Ulaya. Huko kuna mtu wa kujitolea ambaye kituo chake kimeungwa na intaneti. Kinaipokea barua na kuipeleka. Simjui mtu huyo, wala halipwi, nami namwombea heri kila ninaposafiri.

Mchana natumia megahezi 14, waya wa mita 10 tu uliofungwa kwenye mgunga. Usiku nashuka megahezi 7, waya unakuwa mita 20. Jua likiwaka, tabaka la chini la hewa hiyo humeza mawimbi ya megahezi za chini; likizama, njia hufunguka. Na kabla ya kurusha, sikiliza kwanza. Ukimkuta mwenzako anaongea, ngoja amalize.

Andika kwa ufupi, kama wazee walivyopiga telegramu posta. Kikomo cha ujumbe mmoja ni kilobaiti 120, na kwa mwendo wa redio hata hizo ni safari ndefu. Picha ya simba isubiri mjini.

Sasa jambo litakalowauma madereva. Redio ya ridhaa si ya biashara. Huwezi kuitumia kuiambia kampuni wageni wanataka chumba kingine. Wala huruhusiwi kuficha maneno kwa maandishi ya siri. Kila mwenye redio ana haki ya kusoma. Mimi naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, maana siku biashara ikiingia, yule wa kujitolea atazima mitambo yake. Maisha yakiwa hatarini ni habari nyingine: omba msaada.

Anzeni na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, mpate alama ya wito, yaani jina lenu la hewani, inayoanza na 5H, ndipo mnunue redio. Halafu, kabla ya kuondoka nyumbani, mwandikie mkeo wewe kwanza. Mfumo huzuia barua za watu usiowahi kuwaandikia, na jibu lake linaweza kukwama wakati unalihitaji.

Waya nimeshaufunga kwenye mjakaranda pale nje. Ni saa nane mchana, tutaanza na 14. Nani ana mama wa kumwandikia?