Vifaa viko nyumbani mwako: tushone shuka la vipande vya vitenge

Karibuni mama zangu, dada zangu na kaka zangu mnaonitazama. Leo tunashona shuka la vipande vya vitenge, na vifaa karibu vyote tunavitoa jikoni, kabatini na kwenye ile kona ya nyumba tunakotupia vitu vibovu. Cherehani, mkasi, sindano, uzi na futi kamba lazima uwe navyo. Vile visu vya gurudumu na mikeka ya kukatia mnayoiona kwenye video za Marekani visikunyime usingizi. Kazi hii inataka mistari iliyonyooka na vipande vinavyolingana, basi.

Kwanza kitambaa. Mfuate fundi wa mtaani kwenu jioni anapofagia, umwombe mabaki kwa adabu. Ukienda Mtaa wa Congo pale Kariakoo utapata vitenge vipya, ila kwa shuka hili mabaki ndiyo yenyewe, maana unapata maua ya kila namna. Yafue yote kabla ya kukata, ili kinachochuja kichuje na kinachosinyaa kisinyae sasa hivi, kisije kukuharibia shuka zima baadaye.

Sasa chukua kiberiti. Vitenge vingi mjini ni poliesta, na kwa macho tu huwezi kujua. Chomoa uzi mmoja kwenye kipande, ubane kwa kibanio cha nguo cha mbao, uwashe juu ya bakuli la maji. Tazama hapa: huu umewaka vizuri, unanukia karatasi iliyoungua, na majivu yake yanasagika vidoleni. Hii ni pamba. Tuchukue mwingine. Huu umejikunja, umeyeyuka, na ncha yake imeacha kitone kigumu cheusi. Hii ni poliesta. Kitone hicho usikiguse kikiwa cha moto, kinaganda kwenye ngozi. Pamba weka rundo hili, poliesta weka rundo lile, na usizichanganye kwenye shuka moja, kwa sababu pasi inayonyoosha pamba sawasawa inaweza kuyeyusha poliesta.

Tuje kwenye vipimo. Futi kamba ya kitambaa ikitumika sana inavutika, na ukiipima kwa futi kamba nyingine kuukuu hutajua ipi ni kweli. Tumia karatasi ya A4. Urefu wake ni sentimita 29.7, na upana ni 21. Laza futi kamba kwenye ubavu mrefu wa karatasi: ukingo uangukie milimita 3 kabla ya 30. Ikiwa yako inasoma 29, imeshavutika, itupe. Karatasi hiyohiyo ina pembe mraba, kwa hiyo ndiyo itakayotuchorea pateni, yaani kiolezo cha kukatia vipande.

Pateni yangu naikata kwenye picha ya eksirei ya zamani. Wengi tunazo zimelala juu ya kabati. Kabla ya yote kata upande wenye jina la mgonjwa, uuchane vipandevipande, hayo ni mambo ya mtu. Kisha weka kona ya A4 juu yake, chora pembe, pima inchi 4 na nusu kila upande, kata. Mwisho pima kutoka kona hadi kona, mshazari huu na mshazari ule. Mishazari ikilingana, una mraba wa kweli. Ikipishana hata kidogo, rudia sasa, kwa sababu kosa la pateni litajirudia kwenye kila kipande. Mimi naipenda eksirei kuliko boksi la biskuti. Boksi linalika pembeni kadiri unavyochora, na eksirei inapitisha mwanga: ukiisogezasogeza juu ya kitenge unaona ua litakavyokaa katikati kabla hujakata. Kama huna, mfuniko mkubwa wa ndoo ya aiskrimu unafaa.

Chaki yetu ni kipande cha sabuni ya kuogea kilichobaki chembamba. Kiache kikauke siku nzima, kisha nyoa ukingo wake kwa kisu mpaka uwe mkali. Chagua sabuni ya kawaida. Zile zenye mafuta mengi huacha doa pasi ikipita. Kwenye kitambaa cheupe sabuni haionekani, tumia penseli kwa wepesi upande wa ndani.

Chora, kata. Vipande 9 vinatoa mraba mmoja, vitatu kwa vitatu. Kila kipande kina inchi 4 na nusu, na kila upande unaliwa robo inchi kwenye mshono, kwa hiyo kinabaki na inchi 4. Vitatu vikikaa pamoja ni inchi 12, yaani futi 1. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kinataka miraba 24.

Hapa kwenye robo inchi naomba utulie na mimi, kwa sababu ndipo mashuka mengi yanapoharibikia. Shuka la futi 4 lina vipande 12 kwa upana, kwa hiyo lina mishono 11. Ukizidisha milimita 2 tu, mshono mmoja unakula milimita 4, maana unagusa vipande viwili. Zidisha mara 11: umepoteza zaidi ya sentimita 4, na safu hii haikutani tena na safu ile. Dawa yake ni kandambili iliyokatika. Kata ukanda mwembamba kwenye soli, unyooke kabisa. Shusha sindano ya cherehani, pima robo inchi kulia kwake, ubandike ukanda hapo kwa gundi ya karatasi au tepu ya pande mbili. Angalia usizibe kibati cha kutolea bobini. Sasa kitambaa kinateleza kwa kuegemea ukanda, na macho yako yanapumzika. Shona vipande viwili, fungua, upime kabla hujaendelea.

Baada ya kila mshono, laza mkunjo upande wa kitambaa cheusi zaidi, upige pasi. LUKU ikiisha, usisimame: geuza kijiko cha chai, sugua mshono kwa mgongo wake kwenye meza ngumu. Utakaa.

Kwa pini, ninatumia sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Nimeiweka kwenye kisosi. Nikimaliza napitisha kisosi hicho sakafuni, watoto wanatembea peku humu. Kama cherehani yako ni ya kielektroniki, weka sumaku mbali nayo.

Miraba 24 ikishaungana, tunaliwekea shuka mgongo, yaani kitambaa cha upande wa chini. Joto la Dar halitaki blanketi ndani. Doti moja kuukuu ya khanga, zikiungwa ubavu kwa ubavu, inatosha kujazia. Sakafu ya vigae ndiyo meza yetu, na mistari yake inakuonyesha kama kitu kimepinda. Tandaza khanga na uzibandike kwa tepu zisikunjamane. Juu yake laza shuka la zamani, ndilo mgongo, uzuri ukiangalia juu, kisha vitenge, uzuri ukiangalia chini. Bana kingo kwa vibanio vya nguo, shona kuzunguka, uache mlango wa viganja viwili. Punguza kitambaa kwenye kona, pindua, na kona zitoe kwa kijiti cha mshikaki. Kivunje ncha kwanza, kikiwa kikali kinatoboa.

Ziba mlango kwa mkono. Sindano ikigoma kupita tabaka hizi, ishike kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, inavutika bila kuteleza. Kisha pita na cherehani juu ya mistari ya mishono, ukianzia katikati kwenda nje, mikunjo isije ikajikusanya.

Ukimaliza, cherehani itakuwa imejaa vumbi la pamba. Toa bamba chini ya sindano, sugua meno kwa mswaki wa zamani uliokauka. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina maji na chuma chetu huku pwani hakichelewi kutu. Na mafuta ni ya cherehani tu. Ya kupikia hugeuka ulimbo ndani ya mashine na kuikaza. Tone moja kila tundu, halafu shona kwenye kitambaa chakavu mpaka uzi utoke safi.