Kumjali mtu: kitenzi kimoja na mitego yake

Ndugu wafasiri na waandishi wa habari, asanteni kwa kufika. Leo nina kitenzi kimoja tu, jali. Ni kifupi, kila mtu anakijua, na pengine ndiyo sababu tunakiandika ovyo.

Kwanza umbo lake. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na kama samehe au hitaji, irabu yake ya mwisho haigeuki. Tunasema hamjali, nataka anijali; hakuna "anijale". Basi mhariri akiandika "Dereva ajali abiria", msomaji anaanza kutafuta idadi ya majeruhi. Tia kiambishi, "Dereva awajali abiria", na utata umekwisha.

Kiambishi hicho si pambo. Shamirisho, yaani mtendewa, akiwa mtu, kiambishi chake huingia ndani ya kitenzi: anamjali mama yake, tunawajali wateja. Kwa vitu kuna uhuru zaidi, "anajali muda" inatosha. Kisichotakiwa kabisa ni kuhusu. "Anajali kuhusu wazee" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Jali humfikia mtu moja kwa moja.

Penye matatizo hasa ni kauli ya kutendwa. Jali ikitendwa inakuwa jaliwa. Lakini kuna kitenzi kingine, jalia, yaani Mungu kumpa mja wake riziki au neema, nacho kikitendwa kinakuwa jaliwa vilevile. Vitenzi viwili, umbo moja, na masikioni mwa watu ameshinda huyu wa pili. Ndiyo maana tunaagana "tutaonana majaliwa", na hakuna anayedhani kwamba jina la Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa Tanzania tangu 2015 hadi 2025, lina uhusiano na huduma kwa wateja. Sasa andika kwamba mama fulani alikaa wodini siku nzima na "hakujaliwa". Wewe unawalaumu wauguzi. Msomaji anaelewa kwamba hakupata mtoto. Hilo ni kosa zito, maana linamgusa mtu pabaya.

Dawa yake ni kumrudisha mtenda: "Wauguzi hawakumjali." Mtenda asipojulikana, taja tendo lenyewe: hakuhudumiwa, hakusikilizwa, alitelekezwa. Habari inakuwa kali zaidi, tena inaweza kuthibitishwa. Kauli ya kutendea nayo iepukeni, kwani "alimjalia" ni ya Mungu tu. Kutendana haina shida: majirani wanaojaliana.

Tuje kwenye "bila kujali". "Tunahudumia wote bila kujali dini wala kabila" ni sawa, kwa sababu hayo ndiyo yasiyopaswa kuangaliwa. Lakini tangazo la zahanati likisema "tunatibu wagonjwa wote bila kujali hali zao", limejitukana. Hali ya mgonjwa ndiyo hasa inayotakiwa kujaliwa (mnaona jinsi umbo hilo linavyonyemelea!). Kama ilikusudiwa mwenye nacho na asiye nacho, semeni hivyo: "awe na uwezo au asiwe nao".

Usijali ina kipimo chake. Mtu amekukanyaga mguu, anaomba radhi: usijali inafaa. Akiwa mtu mzima kuliko wewe, "haidhuru, mzee" au "si neno, mama" ina adabu zaidi, maana haimwamrishi. Kwa mfiwa haifai hata kidogo. Huwezi kumwambia asijali msiba wake. Pole ipo, na inatosha. Na ukiulizwa chai au kahawa, usijibu "sijali". Mwenyeji atasikia dharau. "Yoyote, ndugu yangu" ndiyo jibu.

La mwisho linawahusu zaidi wafasiri. Mkikutana na "thoughtful" ya Kiingereza, yaani mtu anayesifiwa kwa kuwafikiria wenzake, msikimbilie "mwenye fikra". Huyo ni msomi au mwanafalsafa. "Anawajali watu" inafaa kwa tabia ya siku zote. Kwa tendo moja, la mtu kupita dukani na kukununulia kilo ya sukari bila kuombwa, Kiswahili kina kumbuka: "Shangazi ametukumbuka." Anayesikia hivyo haulizi kama shangazi alikuwa amewasahau. Anauliza ameleta nini.