Jani Linajilinda kwa Kitu Gani? Mhadhara Kuhusu Mboga za Porini

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nitazungumzia mboga tano tu: mchicha pori, mnavu, mgagani, mlenda na thabai. Ni chache, lakini mtu akizifahamu hizi vizuri, nyingine nyingi hatapata shida nazo.

Wanaozikataa mboga za porini husema ni chungu, zinateleza, zina mchanga, zinawasha. Wanasema kweli. Mmea usio na mkulima wa kuulinda hujilinda wenyewe: mmoja kwa uchungu, mwingine kwa oksaleti, chumvi ya asidi iliyomo ndani ya jani, mwingine kwa vinyweleo vinavyochoma. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kuwaza kitunguu na mafuta, jiulize jani hili linajilinda kwa kitu gani. Mapishi yote yanafuata jibu hilo.

Tuanze na kuchuma. Vunja ncha changa, urefu wa sentimita 10 hadi 15, kabla mmea haujatoa maua. Shina likikatika kwa mlio mwepesi bila kuacha nyuzi, lina ulaini wa kulika. Likipinda na kuchanika, liache, chukua majani ya juu peke yake. Usichume kando ya barabara yenye magari mengi, wala kwenye jalala, wala pembeni mwa shamba lililopuliziwa dawa. Metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu zikishapanda kupitia mizizi ziko ndani ya jani, na hakuna maji yatakayozitoa. Ardhi iliyojazwa mbolea ya naitrojeni nayo ina tatizo lake: mchicha unaoota hapo hulimbikiza naitreti, chumvi ya naitrojeni, hasa wakati wa ukame.

Hatari kubwa kuliko zote ni datura, ambayo wengine huiita mnanaha. Huota palepale penye mchicha na mnavu, na ikiwa bado changa inaingia kapuni kwa urahisi mno. Fikicha jani lake: harufu ni nzito na mbaya. Ikikua, ua lake ni refu kama tarumbeta na tunda lake kwa kawaida lina miiba. Ua la mnavu ni dogo, jeupe, lenye ncha tano na kitovu cha njano, na matunda yake ni vidonge laini vinavyoning'inia kwa vishada. Mche ambao bado haujatoa ua na unautilia shaka, uache ukue. Kuchambua kapu zima upya, jani kwa jani, ni kazi ya lazima kila mara, kwa sababu datura haipungui sumu kwa kupikwa.

Kuosha kunaharibiwa na jambo dogo. Mtu anaosha vizuri, halafu anamimina beseni lote kwenye chujio, na mchanga uliokwisha kutulia chini unarudi juu ya mboga. Nyanyua majani kwa mikono, yaache maji yabaki na mchanga wake. Badilisha maji, rudia, hadi ukipapasa chini ya beseni usikie ulaini mtupu. Osha kwanza, kata baadaye. Jani lililokatwa likiloweshwa hupoteza vitamini C.

Sasa mnavu. Uchungu wake unatokana kwa sehemu na kemikali za jamii ya solanini, sumu ya asili ya mmea, ambazo zimejaa zaidi kwenye matunda mabichi ya kijani. Yaondoe yote. Joto la maji yanayochemka halitoshi kuvunja solanini, ila maji mengi huitoa kiasi ndani ya jani. Kwa hiyo nusu kilo ya majani inahitaji lita tatu za maji yaliyokwisha kuchemka. Tumbukiza, acha sufuria wazi, chemsha dakika 10, mwaga maji, kamua kidogo, ndipo uunge. Mnavu mchungu sana hubadilishiwa maji mara ya pili. Anayeuweka moja kwa moja kwenye mafuta na kikombe cha maji, kisha akafunika, anaufungia uchungu ndani, kisha anaulaumu mmea. Kufunika kuna hasara nyingine: asidi zinazotoka kwenye majani pamoja na mvuke hurudi chunguni na kuifanya mboga iwe ya kahawia. Kwa sababu hiyohiyo, nyanya na limau hutiwa mwishoni.

Mgagani, wenye vijani vitano kwa kawaida vinavyochomoza mahali pamoja, una uchungu pamoja na ukakasi wa tanini. Chemsha dakika 10 hadi 15, mwaga maji, kisha rudisha jikoni na kikombe kimoja cha maziwa kwa nusu kilo, moto mdogo, dakika 10 tena. Protini ya maziwa hushikamana na tanini na ulimi unapumzika. Moto ukiwa mkali maziwa yatakatika.

Mchicha pori hauna uchungu wa kuogopesha. Tatizo lake ni oksaleti, ambayo huzuia mwili kufyonza kalsiamu na haiwafai wenye mawe ya figo. Dakika tatu hadi tano ndani ya maji mengi, kisha uyamwage. Najua wengi wanaona huko ni kumwaga vitamini, na kiasi fulani kinakwenda kweli, lakini kwa anayeula kila siku nashauri amwage.

Mlenda ni habari tofauti, maana utelezi wake wengine wanautafuta. Ukiutaka, kata majani laini sana na utie magadi, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, si zaidi. Yakizidi mboga huwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 na C huharibika. Usipoutaka, acha majani mazima, kaanga haraka kwenye mafuta ya moto, kamulia limau. Mbegu zake zina kemikali zinazoathiri mapigo ya moyo, hivyo usichume mmea ukishatoa vitumba vya mbegu.

Thabai ishike kwa glavu, chukua majani manne hadi sita ya juu. Dakika mbili ndani ya maji yanayochemka zinatosha kulegeza vinyweleo na kumaliza mwasho. Ikishatoa maua, majani huwa na chembe ngumu zinazoweza kusumbua njia ya mkojo.

Kiporo cha mboga hizi kisikae nje usiku kucha. Bakteria hugeuza naitreti kuwa naitraiti, ambayo kwa mtoto mchanga huzuia damu kubeba oksijeni. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe kabisa. Zilizozidi, zikaushe zikiwa mbichi: zichovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, zipoze upesi kwa maji baridi, zitandaze tabaka moja kivulini penye upepo. Jua kali huunguza karotini na kuziacha zimepauka. Zimekauka vya kutosha pale jani linapovunjika vipande ukilibana. Likipinda tu, litaota ukungu ndani ya chombo.