Kwa Nini Kumi?

Kabla sijaingia humu ndani nimemkuta kijana hapo nje amelala kwenye benchi, anasukuma chuma na kuhesabu kwa sauti: nane, tisa, kumi. Akakirudisha, akashika simu. Nikamuuliza, "Mbona kumi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini wiki ina siku saba. "Kumi ndiyo kumi, mwalimu."

Hiyo kumi ina historia. Mwaka 1945, daktari kijana wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa kwenye hospitali ya jeshi huko Chicago akiwatibu askari walioumia magoti. Mwenyewe alikuwa mpenzi wa vyuma tangu ujana, akawapa wagonjwa mizigo mizito, marudio kumi kwa kila seti, yaani unanyanyua mara kumi mfululizo ndipo unapumzika. Mwanzoni walifanya seti saba na zaidi. Kufikia 1948 akapunguza hadi tatu. Tatu za kumi! Leo hospitali imesahaulika, hesabu imebaki, na mtu mwenye magoti mazima anaifuata kama dawa ya kutwa mara tatu.

Sisemi ni mbaya. Mwaka 2014 mtafiti wa mazoezi Brad Schoenfeld na wenzake waliwalinganisha wanaume waliozoea vyuma: kundi moja seti tatu za kumi, jingine seti saba za marudio matatu mazito. Baada ya wiki nane misuli ya mkono ilikuwa imekua karibu sawasawa. Wale wa uzito mkubwa waliwazidi wenzao kwa nguvu, ila zoezi liliwachukua zaidi ya saa nzima, wakati wenzao walimaliza kwa dakika 17 hivi. Mwaka uliofuata wakajaribu marudio 25 hadi 35. Misuli ikakua vilevile.

Inakuwaje? Mwili ni bahili. Ukinyanyua kitu chepesi, neva huziamsha kwanza nyuzi ndogo za msuli. Zile kubwa, ambazo ndizo hasa hunenepa, huitwa pale zile ndogo zinapoelemewa. Kwa hiyo ukibeba chepesi ukaacha ungali unapiga soga, hujamwita mtu kazini. Yale marudio ya mwisho, chuma kinapopanda polepole bila wewe kutaka, ndiyo yenye faida. Acha ukiwa umebakiza moja au mawili.

Chepesi nacho kina kikomo. Uzito ukiwa sehemu ya tano tu ya ule unaouweza mara moja, ukuaji unashuka, hata ukijiua kwa kuhesabu.

Mimi nafanya hivi. Kuchuchumaa na chuma mabegani, matano hadi manane. Nikifika 25 mapafu yanaomba msamaha kabla ya mapaja. Kifua na mgongo, nane hadi kumi na mbili. Mabega ya pembeni na mikono, kumi na tano hadi ishirini, kwa sababu viwiko vyangu havitaki tena ubishi.

Na wewe unayenyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa zege, usione haya. Shida ya kopo ni kwamba huwezi kuliongezea kilo moja. Basi ongeza marudio: leo kumi na mbili, wiki ijayo kumi na nne, mpaka thelathini, ndipo umwage zege la kopo kubwa zaidi. Na lisubiri likauke, tafadhali. Nimeshawahi kumwagiwa shingoni.

Haya, yule mama wa nyuma alikuwa ameinua mkono.