Shangazi, naomba nikueleze kuhusu hili gari

Habari zenu ndugu zangu. Leo najibu lile swali linalorudi kila video: "Umefika Houston juzi tu, gari unalo, ada ya mdogo wako huna?" Limeniuma, maana safari hii limeandikwa na shangazi yangu mwenyewe. Shikamoo shangazi. Sijionyeshi, na wala siombi kuhurumiwa.

Duka la vyakula liko nyuma ya uzio wa nyumba ninayopanga. Nikikaa uani nasikia matoroli yakigongana. Ila mtaa wetu una mdomo mmoja tu. Ukiingia, barabara zinapinda, zinagawanyika, na kila moja inakwisha kwenye duara la kugeuzia gari. Kufika dukani kwa mguu ni karibu kilomita 3, na kipande cha mwisho hakina pa kupita mtu.

Mjini kati sivyo. Kule kwa zamani barabara zinakatana kama Kariakoo, ukikosa hii unashika ile. Miaka ya 1930 ndipo shirika la serikali ya Marekani linalodhamini mikopo ya nyumba lilipoanza kupendekeza mitaa isiyotokea upande wa pili, magari yasikatize milangoni kwa watu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wajenzi wakaisambaza mpaka mashambani. Sasa kila gari lazima litokee barabara kuu. Katy Freeway, barabara kuu ya hapa Houston, walimaliza kuipanua mwaka 2008, na foleni imerudi.

Gari lenyewe ni la mkopo. Sikuwa na historia ya mikopo huku, nikapigwa riba ya asilimia 19. Bima dola 210 kila mwezi. Leseni nilirudishwa mara tatu, ya mwisho kwa sababu bili ya umeme ina jina la mwenye nyumba! Ada ilikwenda huko, shangazi.

Rafiki yangu kapanga karibu na treni ya mjini, gari hana, lakini kodi yake siiwezi. Kila mtu na hesabu zake, msije mkasema nimewapotosha.

Ila nyie mnaonunua viwanja Goba na Mbezi, naona mnayajenga haya haya. Kwetu Mbezi jirani alizungushia ukuta kichochoro. Baba alipozidiwa usiku, gari halikuweza kufika, tulimbeba kwenye kiti mpaka barabarani. Juzi kaka kanitumia picha za kiwanja. Nimemwambia hela situmi mpaka atembee kutoka hapo, atokee upande wa pili, na anirekodie njia nzima.