Waya Ule Uliachwa Ulegee Makusudi

Mwaka jana niliahidi kutolileta tena jiliwa hili la kubania vyuma. Nimevunja ahadi, nisameheni, maana leo tunazungumzia mtetemo wa mapanga ya turbini na jinsi msuguano unavyoutuliza.

Nimebana vipande viwili vya msumeno wa chuma, vimesimama bega kwa bega. Nakipiga kimoja kwa ukucha. Sikilizeni... bado kinaimba. Hewa haikizimi upesi, na chuma chenyewe hakina mahali pa kuipeleka nguvu ile. Sasa napachika kijiti kati ya viwili, navizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, vigusane tu. Napiga. Kimya! Nguvu imeishia pale kijiti kinapoteleza juu ya chuma, imegeuka joto ambalo hata kidole hakilisikii. Haya, nabana palepale kwa koleo, kwa nguvu zangu zote za uzeeni. Napiga. Kinaimba tena! Sauti tu ndiyo imekuwa nyembamba, kwa sababu sehemu iliyobaki huru ni fupi.

Aliyeelewa hapo anaweza kwenda kunywa chai. Wengine tubaki na kisa cha kiwanda cha sukari.

Najua wapo humu walionisikia nikikisimulia mara nne. Kiwanda sikitaji. Wanachoma makapi ya miwa, mvuke unaendesha turbini ndogo, mtambo wa mapanga yanayozunguka. Mapanga ya safu ya mwisho yametobolewa na kupitishiwa waya, panga kwa panga, kama shanga. Tundu ni pana kidogo kuliko waya. Rota, ile sehemu inayozunguka, ikishika kasi, waya unasukumwa nje, unaegemea ukingo wa tundu. Panga likitetemeka, waya unalisugua. Kazi yake ni hiyo tu.

Wakati wa matengenezo fundi mkuu akaufungua mtambo, akaushika waya, ukacheza. Mzee makini, asiyeacha nati bila kuikagua. Akauchomelea tundu baada ya tundu, kazi safi, ungeweza kuipiga picha. Msimu wa kusaga haujaisha, mapanga matatu yana nyufa, na zote zimeanzia kwenye tundu. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, kitu kinachocheza ndani ya mashine ni ugonjwa." Ningebisha vipi? Kwenye beringi, kwenye bolti za msingi, kauli hiyo ni dhahabu. Kwenye waya ule ndipo ilipomponza.

Namwona kijana pale anatikisa kichwa: mbona zipo turbini ambazo waya umechomelewa tangu kiwandani? Zipo. Mbunifu wake ameyahesabu mapanga kwa mafungu, akajua kila fungu litatetemeka vipi. Mzee wetu alibadili hesabu bila kujua kwamba kulikuwa na hesabu.

Turbini za gesi zina jambo lilelile kwa sura nyingine. Chini ya majukwaa ya mapanga mawili jirani, yaani sehemu bapa za kwenye shina la panga, kunawekwa kipande kidogo cha chuma, hakijafungwa na chochote. Ukikitikisa kwa mkono kinagongagonga kama mbegu ndani ya kibuyu. Chukueni kipande cha gramu 10, kwenye nusu kipenyo cha mita 0.5, mizunguko 10,000 kwa dakika. Kinayasukuma majukwaa kwa nguvu ya kama nyutoni 5,500. Hayo ni magunia matano na ushee ya kilo mia mia, kutoka kwenye kitu unachoweza kukisahau mfukoni mwa ovaroli!

Ndiyo maana uzito wake haukisiwi. Nguvu inayoliwa kila mtetemo ni msuguano mara umbali wa kuteleza. Kipande kikiwa chepesi mno, kinateleza sana lakini msuguano haupo. Kikiwa kizito mno, msuguano upo ila hakitelezi. Huku sifuri, kule sifuri, dawa iko katikati. Mwaka 1980, mhandisi Griffin kule Marekani aliandika hesabu za jambo hili kwa mapanga ya injini za gesi, na bado napokea barua za wahandisi wanaoomba kipande kizito zaidi "kwa usalama."

"Si tuikwepe tu resonansi, ile kasi inayoamsha mtetemo wa asili wa panga?" Mchoro wa Campbell, ule wa mistari inayokutana penye kasi za resonansi, mnaujua, siurudii. Lakini kila ukiwasha mtambo lazima upande kutoka sifuri, na njiani unavuka mistari mingi tu. Panga linalotetemeka mara 1,000 kwa sekunde linamaliza mitetemo milioni 10 kabla ya saa tatu kuisha. Chuma hakisubiri ripoti yako.

"Lakini vipande hivyo vitalika." Ndiyo, vitalika! Pima kila ukifungua, badilisha kilicholika. Ni nafuu kuliko panga, na panga likikatika halitoki peke yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu rota zinazochongwa na mapanga yake kutoka donge moja la metali, ambazo hazina kiungo cha shina kati ya panga na rota, kwa hiyo na msuguano wake haupo. Hapo kazi ya kuutuliza mtetemo inaanza upya. Na vilemba vinavyogusana kwenye ncha za mapanga marefu, sijavigusa kabisa. Basi.

Jiliwa naliacha mezani. Anayetaka kujaribu ajaribu, aanze na mpira, halafu koleo. Na yule aliyechukua kijiti changu mwaka jana, bado namkumbuka.